Kaske inaona kila kitu, isipokuwa shimo la Rubaya



Leo siandiki juu ya maji ya robine, wala juu ya barabara, wala juu ya bariere na taksi za kila siku. Naandika juu ya kitu ambacho karibu sisi wote hatujawahi hata kukigusa: kaske. Si kaske ya motari. Ni ile kaske ya kufunika macho, iko na ekra mbili ndani, ukiivaa unaona dunia ingine mbele yako, ao unaona chumba chako mwenyewe lakini kuko vitu ndani ambavyo haviko kweli. Apple inauzisha ya kwake, jina Vision Pro. Meta, wenye Facebook na WhatsApp, wanauzisha yao, jina Quest.

Najua mtasema: huyu naye, watu wanakimbia vita, yeye anatuletea mambo ya kaske. Nipeni dakika kumi. Mwishoni mtaona kwamba nimebaki kwenye mambo yetu tangu mstari wa kwanza.

Mwezi wa sita 2025 tulikaa vijana wane kwenye telefone moja. Mega zilikuwa kidogo, tukashusha picha ya video mpaka chini kabisa, sura za watu zikawa kama matofali. Apple ilikuwa imetangaza, tarehe 9, programu mpya ya Vision Pro, jina visionOS 26. Kaske yenyewe haikubadilika, ni ile ile iliyoanza kuuzwa Marekani mwezi wa pili 2024 kwa dola 3.499. Kilichobadilika ni programu ndani. Njo ile tunaita mizajuru. Wenzangu wakanifanya mtafsiri, sababu mimi nilisoma enformatike.

Nikawaelezea. Kwanza, kuko vipande vidogo vya habari, saa, kalenda, picha za familia, unavibandika kwenye ukuta wa nyumba. Ukitoa kaske, ukienda kulala, kesho ukiivaa tena, vinakuwa pale pale ulipoviacha. Kaske inakumbuka ukuta wako. Pili, picha ya kawaida, ile ya telefone, inapewa kina: ukiinamisha kichwa upande mmoja unaona kidogo nyuma ya mtu aliyesimama. Tatu, sura yako. Kaske inakupiga picha, inatengeneza uso wako mpaka nywele na kope, na rafiki aliye mbali anakuona kama vile mmekaa pamoja. Ine, macho. Unasoma ukurasa na macho yenyewe yanausukuma, hugusi kitu. Tano, watu wawili wenye kaske kwenye chumba kimoja wanaweza kuona kitu kimoja mbele yao, kila mtu kwa upande wake. Na ukichoka na dunia, unaweza kwenda kukaa karibu na Jupita.

Mimi nilikuwa ninapenda. Siwezi kuwadanganya. Mtu aliyesoma kuandika programu, akiona kazi ya namna ile, moyo unaruka. Kamera 12 zinatazama pande zote, halafu kuko kidude ndani kinachopeleka picha kwenye ekra kwa muda wa milisekunde 12, juu macho yasisikie kizunguzungu. Hiyo ni kazi ya watu wenye akili sana, na siwezi kuitukana juu tu ninaumia.

Mwenzetu mmoja ni mtu wa Masisi. Alikuwa kimya wakati wote. Mwishoni akauliza: "Sasa, hiyo kaske inaweza kunionyesha kaka yangu kule shimoni?"

Sisi watatu tukacheka. Yeye hakucheka. Kaka yake anachimba Rubaya.

Tangu siku ile swali lake halijanitoka, na leo nataka kulijibu vizuri, kama mtu aliyesoma.

Tuanzie kwenye mizajuru yenyewe, sababu wengi wanafikiri ni jambo dogo, ile alama nyekundu kwenye telefone inayotumalizia mega. Zamani ulinunua radio, mtu wa duka akachukua franga, mambo yakaisha. Radio ilikuwa yako, na aliyeitengeneza hakujua tena kama iko jikoni ao imeanguka mtoni. Kaske haiko vile. Meta walianza kuuzisha Quest ya kwanza mwezi wa tano 2019. Watu walikuwa wanaitumia na vishikio viwili mkononi. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, ikaja mizajuru: kaske ikaanza kutambua mikono mitupu, vidole kwa vidole. Hakuna aliyerudisha kaske kiwandani. Hakuna aliyeongeza kamera. Kamera zilikuwa pale tangu mwanzo, programu njo ilijifunza kuona mikono kupitia zenyewe.

Mnaelewa maana yake? Kampuni inakuuzia kitu, lakini haikuachi. Inakifuata kitu chake ndani ya nyumba yako. Inajua ni modeli gani, inajua programu gani iko ndani, inajua kama umeingiza mizajuru ao hapana. Kitu kikiwa na kosa, inaweza kukirekebisha ukiwa umelala. Kufuata vitu njo biashara yao.

Kaske yenyewe pia ni mashine ya kufuata. Ya Meta inajua mpaka wa chumba chako, ukikaribia ukuta inakuonyesha mstari juu usijigonge. Ya Apple inatambua mboni ya jicho lako badala ya neno la siri. Wametengeneza hata namna ya kuitumia kwenye ndege na kwenye treni, juu chombo kikitikisika picha isitikisike. Mtu mmoja kwenye treni kule Ulaya akitikisika kidogo, mainjinia wamekaa, wamefikiri, wametafuta jibu.

Sasa geuza shingo, tazama upande wa nyuma. Kitu hicho kilitoka wapi mbele ya kufika kiwandani?

Ndani ya vyombo vya namna hii, telefone, ordinatere, kaske, kuko vidude vidogo kama punje ya mchele vinavyoshika umeme na kuuachilia kwa kipimo. Vile vizuri kabisa, vile visivyoharibika kwa joto na vinavyokaa nafasi ndogo, vinatengenezwa na tantali. Tantali inatoka kwenye koltani. Vipande vyote vimeshikiliwa kwenye sahani na bati ya kulehemu, na bati inatoka kwenye kasiterite. Batri za litiamu, nyingi ziko na kobalti ndani. Koltani na kasiterite, mnajua zinatoka wapi, hamhitaji mwalimu wa jiografia. Kobalti, wenzetu wa Kolwezi na Likasi wanajua: zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka Congo.

Na Rubaya? Mwisho wa mwezi wa ine 2024, M23 walichukua Rubaya. Umoja wa Mataifa unasema mashimo ya pale yanatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Wataalamu wake waliandika mwisho wa mwaka ule ule kwamba M23 walikuwa wanapata pale karibu dola 800.000 kila mwezi kwa kutoza kodi, na kwamba koltani hiyo inavushwa Rwanda, inachanganywa na ya kule, kisha inaingia kwenye soko la dunia na karatasi safi. Mimi sikuvumbua hiyo. Imeandikwa, iko kwenye Baraza la Usalama, kila mwenye kampuni anaweza kuisoma akinywa kahawa.

Kampuni zinasema nini? Tuwe waadilifu, haziko kimya. Tangu 2010 kuko sheria ya Marekani, ile huku kwetu kila mchimbaji anaiita "loi Obama", inayolazimisha kampuni kusema kila mwaka kama bati, tantali, tungsteni na zahabu yao inatoka Congo ao kwa majirani. Ripoti za kwanza zilitoka 2014. Apple inaandika ya kwake kila mwaka, inataja majina ya viwanda vya kusafisha madini vinavyoingia kwenye mnyororo wake. Inasema pia imeweka nia ya kutumia kobalti iliyorudishwa kutoka vyombo vya zamani. Hiyo ni sawa, na tuiseme.

Lakini soma ripoti hizo na macho ya mtu wa huku. Mwishoni unakuta sentensi ya kusema hawakupata msingi wa kutosha wa kuamini kwamba kiwanda fulani kilisaidia kikundi cha silaha. Hawasemi walienda kwenye shimo. Hawasemi kilo hii ilipita hapa, ikalipiwa na huyu, siku hii. Wanasema hawakuona. Na hao njo watu wanaoona jicho lako linapopepesa.

Mwezi wa kumi na mbili 2024, wanasheria wa inchi yetu walipeleka mashtaka juu ya matawi ya Apple, Ufaransa na Ubelgiji. Apple ilikataa kabisa, ikasema kwamba ilikuwa imeshaambia wauzaji wake, ndani ya mwaka ule, waache kununua madini hayo kutoka Congo na Rwanda. Ufaransa ilifunga faili mwezi wa pili 2025, ikasema ushahidi hautoshi. Ubelgiji iliteua juji wa kuchunguza.

Hapa ninaomba mnisikilize sana, sababu wengi kati yetu tulipiga makofi tuliposikia Apple imesema inaacha kununua. Mimi sikupiga. Niliogopa.

Waulizeni wakubwa wenu juu ya 2010. Sheria ya Obama ilipopita mwezi wa saba, kampuni nyingi ziliona njia ya raisi ni kukimbia: kama hununui Congo, huna cha kuelezea. Mwezi wa kenda, Raisi Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Waulizeni nini ilifika. Baba walirudi nyumbani na mikono mitupu. Watoto walitoka masomoni. Ndege zilizokuwa zinabeba madini kutoka Walikale na kurudisha bidhaa ziliacha kwenda. Na je, vita iliisha? Wenye bunduki walikuta njia zingine. Mchimbaji hakukuta.

Kwa hiyo ile kusema "tunaacha kununua" haitusaidii. Ni sawa na jirani ambaye ameambiwa mwizi anapita shambani kwako, yeye anajibu: basi sitanunua tena mihogo yako. Mwizi anabaki, mihogo inauzwa usiku kwa bei ya chini, na jirani analala vizuri. Kaka ya mwenzetu yuko shimoni leo, na atakuwa shimoni kesho, hata kama ripoti inasema hakuna kilo kutoka kwake. Tofauti ni kwamba sasa amefutwa. Jina lake haliko hata kwenye orodha ya watu wa kuulizia.

Sisi hatutaki kufutwa. Tunataka kuonekana. Hilo njo neno langu la leo.

Na ninasema: inawezekana. Watu wanaoweza kutuma programu kwa kaske zao zote duniani kwa siku moja, na kuhesabu ngapi zimeipokea, hawawezi kutuambia kufuata ni kugumu. Kama mizajuru inafuata kitu kwenda mbele miaka mingi, kitu hicho kinaweza kufuatwa pia kurudi nyuma.

Mtu wa enformatike mwenzangu atanipinga hapa, na ana haki. Atasema: madini si data. Kiwandani mfuko wa Rubaya unamiminwa pamoja na mfuko wa inchi ingine, vinakuwa poda moja, hakuna alama inayobaki kwenye chembe. Ni kweli. Sitaki waniambie chembe hii imetoka shimo hili. Lakini mbele ya kumiminwa, kila mfuko uko na karatasi. Uko na etiketi yenye namba. Uko na kilo. Uko na negosia aliyeununua, na komptwari iliyousafirisha, na cheti cha CIRGL chenye sahihi. Viwanda vya kusafisha tantali duniani si maelfu, vinahesabika, na kampuni inajua majina yao. Kiwanda kinajua mwezi huu kimenunua mifuko mingapi, kwa nani. Tatizo halipo kwenye chembe. Tatizo ni kwamba karatasi inadanganya, na hakuna anayelipwa kuishika ikidanganya. Global Witness ilionyesha 2022 namna etiketi zinavyouzwa na kuchanganywa mikononi mwa watu. Mfumo unaokubali etiketi bila kuuliza kama shimo hilo linaweza kutoa kilo nyingi vile, kwetu chuoni tungeuita programu yenye kosa. Na programu yenye kosa inafanyiwa nini? Mizajuru.

Kwa hiyo hii hapa ni orodha yetu. Wao wanatangaza vitu vipya vya kaske kila mwaka. Sisi tunaomba vitu vine, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kamera mpya.

Kimoja. Kwenye kila kaske, ukiingia mahali pa kurekebisha vitu, kuko ukurasa unaosema modeli na namba ya chombo. Waongeze pale ukurasa wa asili. Viwanda gani vya kusafisha vilitoa tantali, bati, kobalti kwa kaske za muda ule. Vimenunua kwenye inchi gani na eneo gani. Nani alienda kukagua mara ya mwisho, na alikuta nini. Leo habari kidogo iliyoko imefichwa kwenye ripoti moja ya kurasa nyingi ambayo anayenunua kaske hataisoma hata siku moja. Mmeweza kubandika kalenda kwenye ukuta wa mtu na ikabaki pale. Bandikeni na hilo.

Mbili. Kukikutikana tatizo, kwa mfano kikundi kimechukua eneo, ukurasa ule ubadilike, kila mwenye kaske aone. Msiseme ripoti itatoka mwaka kesho. Programu ya usalama hamngoji mwaka.

Tatu. Msikimbie. Kama mnatoka eneo moja juu ya vita, semeni mtarudi kwa masharti gani, na mnunue sasa kwenye maeneo ya Congo ambako mchimbaji anaweza kuuza bila bunduki kichwani. Yako. Wachimbaji wako na koperative, wanajua hesabu yao.

Ine. Wakaguzi wakija, waongee na wachimbaji bila mwenye kare kusimama pembeni, na bila askari. Kila mtu wa Kivu anajua mchimbaji anasema nini mbele ya mkubwa wake: "Bote tuko bien." Akibaki peke yake anasema mambo mengine.

Najua sasa kuko mtu anasema: na serikali yetu je? Asante, nilikuwa nakuja.

Tusijidanganye, uchafu hauanzii kwa Mzungu, wala hauanzii kwa M23 peke yake. Mbele yao mashimo yetu yalikula na bunduki za kila rangi, pamoja na watu waliovaa uniforme ya inchi. Tuko na CEEC ya kutoa vyeti, tuko na SAEMAPE ya kusaidia wachimbaji wadogo. Kwenye karatasi tuko na kila kitu. Mchimbaji anawajua siku ya kulipa. Siku mvua imenyesha na shimo limeanguka, anawaona wenzake peke yao, wanachimbua na mikono.

Na tumeona kwamba serikali ikitaka, inaweza. Mwezi wa pili 2025 ilisimamisha kuuza kobalti inje juu bei ilikuwa imeanguka. Dunia nzima ikasikia. Mwezi wa kumi ikaanza mfumo wa kugawa vipimo kwa kila kampuni. Mtu anaweza kubishana kama ni vizuri ao vibaya, lakini kitu kimoja kimeonekana: Kinshasa ikisema hapana, simu zinalia. Kwa nini basi nguvu hiyo itumike juu ya bei tu? Kwa nini isitumike kusema: anayenunua kwetu atuonyeshe mnyororo wake wote, na sisi tutaweka wetu wazi kwenye intaneti, kilo kwa kilo, kodi kwa kodi? Mashtaka ya Paris na Brussels ni mazuri. Lakini ukishtaki mwenzako juu ya giza, washa na taa ya nyumba yako.

Kuko jambo lingine ambalo linanichoma. Kaske hizi zinatujua tayari. 2017, kule Paris, kwenye Institut du Monde Arabe, mpiga picha Karim Ben Khelifa alionyesha kazi jina The Enemy. Mtu alivaa kaske, akatembea kwenye chumba, akakuta wapiganaji wawili maadui wamesimama wakiangaliana, kila mmoja anajibu maswali: adui yako ni nani, amani ni nini kwako. Kulikuwa wa Israeli na wa Palestina, kulikuwa wa Salvador, na kulikuwa wa Congo. Ninaheshimu kazi ile, ilimlazimisha mtu kusimama mbele ya binadamu na kumtazama machoni. Lakini fikirini kidogo. Mtu wa Paris aliweza kuonana na mpiganaji wetu uso kwa uso ndani ya kaske. Mchimbaji wetu, ambaye jasho lake labda liko ndani ya chombo kama kile, hakukutana naye.

Sasa nirudi kwetu vijana, sababu barua hii si ya Apple. Wao hawasomi Kiswahili cha huku.

Kwanza, tusikubali kuambiwa mambo haya ni ya Wazungu. Mtu anayetoa koltani akiogopa kuongea juu ya kaske, ni kama mama anayelima mahindi akiogopa kuongea juu ya bukari. Ni yetu tangu mwanzo. Kijana wa Bukavu ao wa Lubumbashi awe na maoni juu ya programu ya kaske sawa vile ana maoni juu ya timu yake ya mpira.

Pili, tujifunze kusoma ripoti hizo. Ziko kwenye intaneti, bure. Ziko kwa Kiingereza, lakini tuko na watu waliosoma Kiingereza wamekaa nyumbani. Tuko na walisansie wa sheria, wa jeolojia, wa enformatike, wanaoamka asubuhi bila kujua watafanya nini. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo simchekelei mtu. Ninapendekeza kila kikundi cha mji kichague kampuni moja, kichukue orodha ya viwanda vyake, kitafsiri kwa Kiswahili, kikiandike kwa lugha ambayo mchimbaji ataelewa, na kimuulize: je, hii ni kweli? Jibu lake tulirudishe kwa waandishi wa habari na kwa juji. Hiyo ni kazi. Hailipi, lakini ni kazi, na hakuna mtu atatufanyia.

Tatu, ndugu zetu wa inje, wa Brussels, wa Paris, wa Montreal, ninyi mnaingia kwenye maduka hayo. Siwaombi mvunje kitu, wala msinunue. Ninaomba muulize. Ingia, vaa kaske ya kujaribia, sema ni nzuri, halafu uliza muuzaji: tantali ya hii imesafishwa kiwanda gani? Hatajua. Muulize amuulize mkubwa wake. Mtu mmoja akiuliza ni mwenda wazimu. Mia moja wakiuliza, kuko mtu ofisini ataandika barua kwa mtu mwingine.

Ine, na hii ni ya sisi kwa sisi: wakati wa kuandika na kutuma, tujichunge. Mnajua hali. Mimi mwenyewe siandiki jina wala mtaa hapa, na mwenzetu wa Masisi sijamtaja. Kaka yake bado yuko kule.

Juma lililopita tulikaa tena. Safari hii tulikuwa watatu, mmoja amevuka mpaka. Mwenzetu alikuwa ameongea na kaka yake kwenye telefone, rezo ikamkata mara mbili. Anasema mvua inanyesha sana, wanachimba kwa kuangalia mlima. Nikamwambia nimepata jibu la swali lake la mwezi wa sita.

"Kaske haiwezi kukuonyesha kaka yako," nikasema. "Lakini si juu haina macho. Ni juu hakuna aliyeiambia itazame kule."

Akafikiri. Akasema: "Basi tuiambie."

Tuiambie, vijana. Tuiambie kwa jina, kwa namba, kwa karatasi. Na tusichoke mbele yao.

Mapambano iendelee.